Nani Anacheza Mchana?

Mume wangu aliinunua mashine ya gemu Eastleigh, ikiwa imeshatumiwa na mtu mwingine, akasafiri nayo hadi Garissa akiwa ameipakata kwenye basi njia nzima. Nilipomfungulia lango, jambo la kwanza aliloniambia, hata kabla ya salamu, ni kwamba gemu aliyokuja nayo si ya mpira wala ya kupigana.

"Hii ni hadithi, mwalimu," alisema. "Na hadithi yenyewe inakwenda utakavyo wewe."

Mimi hufundisha Kiswahili sekondari. Mtu akiniambia hadithi inakwenda nitakavyo, swali langu la kwanza ni nani aliyeiandika. Hata kwenye mtihani tunawaandikia watoto "chagua swali moja kati ya haya mawili", wanafurahi, wanajikuna kichwa, wanachagua. Sisi tulioyatunga tunajua yote mawili yanatafuta kitu kilekile.

Wakati huo tulikuwa hatujajaliwa mtoto. Nyumba ilikuwa na watu watatu: mimi, yeye, na mama yake. Nami nilimwita Hooyo kama alivyomwita mwanawe, maana ndilo neno letu la mama. Nyumbani tunazungumza Kisomali, kwa hiyo haya mazungumzo nayatafsiri tu. Hooyo aliletwa kwetu mwaka uliotangulia kutoka malishoni upande wa Modogashe, baada ya ukame kuwapunguza mbuzi wake na goti lake kuanza kumtesa. Mchana alikaa sebuleni kwenye godoro lake chini ya feni, tasbihi mkononi, simu yake ndogo kando, mguu mmoja ameunyoosha. Hakuwa mtu wa kulalamika. Ukimuuliza kama yuko sawa, alisema alhamdulillah, na hapo mazungumzo yakaisha.

Gemu ilihusu daktari msichana na mdogo wake wa kiume, katika mji wa milimani uliofungiwa na theluji. Tuliicheza alasiri, mimi nikitoka shule na yeye akitoka ofisi ya maji ya kaunti, tumekaa kwenye zulia jasho likitutiririka shingoni huku tukiwatazama watu wakitetemeka kwa baridi. Kutembea kulikuwa kidogo tu, mlango huu na ngazi ile. Kazi kubwa ilikuwa kuzungumza. Kila baada ya muda watu wa kwenye skrini walinyamaza, wakatukazia macho, na chini yakatokea majibu matatu au manne kwa Kiingereza. Mstari mweupe ulianza kufupika, nawe ulitakiwa ubonyeze jibu moja kabla haujaisha. Tulipoiwasha mara ya kwanza yalitokea maandishi makubwa kwamba kila uamuzi wetu ungebadilisha hadithi. Mume wangu aliyasoma kwa sauti, mara mbili, kama mtu aliyepata barua ya kazi.

Yeye aliamini. Ikifika zamu ya kuchagua alishusha pumzi, akaniuliza maoni yangu, akapima. Ugomvi wetu wa kwanza wa maana katika ndoa ulitokana na gemu hiyo. Mtu mgeni alibisha lango la hospitali wakati wa dhoruba, akisema ana homa. Mume wangu alitaka tumfungulie. Mimi sikuipenda sura yake.

"Wewe unaona ubaya kila mahali," aliniambia.

"Na wewe huuoni hata ukikaa mezani kwako."

Mstari ulikuwa unaisha, nikampokonya rimoti, nikabonyeza jibu la kukataa. Hatukusemezana hadi chakula cha jioni. Kesho yake tulipoendelea, yule mgeni tulimkuta jikoni mwa hospitali, ameketi kando ya moto, anakunywa supu.

"Nani amemfungulia?" niliuliza.

"Labda mpishi," mume wangu akasema.

"Labda aliyeandika."

Alicheka, lakini mimi sikucheka. Tangu hapo nilianza kuitazama gemu ile kama ninavyowatazama wanafunzi wawili walioketi dawati moja na kuandika insha zinazofanana. Tulikataa kumpa msichana mmoja dawa. Baadaye alikuwa amepona. Tulimwambia yule mdogo wa daktari ukweli kuhusu baba yao; akakasirika na kukimbilia darajani. Nilikuwa na hakika kwamba hata tungemdanganya angekasirika na kukimbilia darajani.

"Huna ushahidi," mume wangu alinijibu. "Ili ujue, itabidi ucheze tena tangu mwanzo na uchague kinyume. Na mimi sitaki. Ukirudia, haiwi uamuzi tena."

Ilikuwa hoja nzuri, nami nikaishuku kwa sababu hiyohiyo. Kwa nini hataki turudie?

Hapo ndipo mambo mengine yalipoanza kunigonga. Rimoti tuliyokuwa tumeijaza chaji jioni, siku iliyofuata alasiri ilikuwa imekwisha. Tokeni za stima zilikuwa hazifiki siku zilizokuwa zikifika zamani. Kisha, alasiri moja, nikaona jambo ambalo halikuwa na maelezo. Picha ya mwanzo ya gemu, ile inayotokea kabla hujaanza kucheza, ilikuwa daima ya mji ulioezekwa theluji. Siku hiyo ilionyesha daraja linalowaka moto. Sisi hatukuwa tumefika kwenye moto wowote.

Niligeuka nikamtazama mume wangu. Alikuwa akitafuna tende, macho makavu.

"Umekuwa ukicheza bila mimi," nilisema.

"Wallahi si mimi."

Mtu anayekula kiapo kwa ajili ya gemu! Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kama wafanyakazi wengi wa ofisi hapa kwetu, yeye hurudi nyumbani adhuhuri, anaswali, anakula na kupumzika kidogo kabla ya kurudi kazini. Mimi niko shule hadi saa kumi. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akinishauri siku hizo, "Chagua hili, utaona," na kweli tukaona. Nikajiambia kumbe anatangulia mchana, anajua kilichoko mbele, kisha jioni anakaa nami akijifanya kuwaza. Na kama anaweza kujifanya hivyo kwa gemu, mimi mke wake nitajuaje mengine?

Nikamwendea Hooyo jikoni alipokuwa akinisaidia kuchagua mchele.

"Hooyo, mwanao anakuja mchana?"

"Anakuja. Anakula. Analala."

"Haiwashi ile mashine?"

"Mimi nitajua nini kuhusu mashine, binti yangu?" Akapuliza makapi ya mchele, akaendelea.

Asubuhi moja kabla ya kwenda shule niliilaza rimoti kifudifudi, vitufe vikiwa chini. Niliporudi ilikuwa chali. Usiniulize nilivyojisikia kwa kumtegea mume wangu mtego kama mwanafunzi mwizi wa majibu. Nilijisikia vizuri, maana nilikuwa nimempata. Nilingoja tu nimfumanie.

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa Shaaban. Shule ilifungwa kwa likizo fupi, na kufikia adhuhuri walimu tulikuwa tumeruhusiwa. Mume wangu siku hiyo alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Ijara kukagua kisima kilichokuwa kimeharibika pampu, kwa hiyo sikuwa na wazo la kumfumania mtu. Nilishuka kwenye bodaboda nikiwaza maji baridi tu. Nilipofika langoni nikasikia sauti ya Hooyo ndani, kali, sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu niolewe.

"Mfungulie! Huyo ni binadamu, si fisi! Unamwacha mgonjwa nje?"

Nikadhani tumepata wageni na mtoto wa mtu ameleta ukaidi. Nikavua viatu, nikapenya ndani taratibu.

Hooyo alikuwa peke yake. Alikuwa ameketi juu ya godoro lake akiegemea ukuta, goti bovu limeinuliwa kwenye mto, rimoti mapajani, na mbele yake kwenye runinga theluji ilikuwa inaanguka. Alikuwa ameirudia sehemu ya lango. Yule mgeni alikuwa akibisha, daktari msichana ametukodolea macho, na majibu manne ya Kiingereza yalikuwa chini yake. Hooyo hasomi Kiingereza, na hata Kiswahili chake ni cha soko tu. Mstari mweupe ulikuwa ukifupika. Vidole vyake havikugusa kitufe hata kimoja. Alimwelekezea msichana kidole chenye hina akamkaripia tena amfungulie. Mstari ukaisha. Msichana akainama, akaondoka bila kusema neno. Picha ikageuka, ikawa jikoni, na mgeni yuko kando ya moto na supu yake.

"Haya," Hooyo akasema, ametulia. "Sasa ndiyo."

Ndipo akaniona. Hakuruka wala hakuificha rimoti. Alisogea kidogo kunipa nafasi kwenye godoro, na mimi, begi la vitabu bado begani, nikaketi.

Alinieleza yote bila haya. Alikuwa akitutazama jioni zote kutoka pale pale, akaona kitufe chenye mduara ni cha kufungua mlango na kijiti hiki cha kushoto ni cha kutembea. Siku moja mchana mwanawe alipokwisha rudi kazini, aliiwasha kwa sababu ya yule mdogo wa daktari. Sisi tulikuwa tumeiacha ile hadithi kijana yuko nje kwenye baridi. "Mlizima tu, mkaenda kula," alisema. "Nilitaka kujua amelala wapi." Alipobonyeza, mashine ikamwanzishia hadithi mpya, yake mwenyewe, nayo akaifuata tangu mwanzo. Alikuwa amefika mbele kuliko sisi, na sehemu alizozipenda alizirudia.

Niliomba anionyeshe. Tukakaa hadi alasiri, naye akinipitisha. Daraja lilikuwa limeungua, kama lilivyokuja kuungua kwetu siku chache kabla. Msichana wa dawa alikuwa amepona. Mdogo alikuwa amekasirika na kukimbia. Vyote vile tulivyovitolea jasho, vile vilivyotufanya tulale tumepeana migongo, yeye alivifikia bila kuchagua kitu. Kila mara maneno yalipotokea aliongea na watu wale kwa Kisomali hadi mstari ukaisha, na hadithi ikasonga mbele kama lori lililojua njia yake.

Nilipaswa kufurahi. Ushahidi nilioambiwa sina ulikuwa umeketi kando yangu ukinukia uunsi, ubani wetu wa kufukiza. Badala yake niliizima runinga, nikaenda kubandika chai.

Mume wangu alirudi kutoka Ijara vumbi limemjaa hadi kope. Nilimwacha aoge kwanza, kisha nikamweleza mbele ya Hooyo. Alicheka sana. Alimtazama mama yake akacheka tena, akanitazama mimi, na hapo nikalazimika kumwomba radhi kwa rimoti ya kifudifudi na mengineyo. Lakini nilipofika sehemu ya kwamba Hooyo hakubonyeza jibu lolote, kicheko kikakatika.

"Hata darajani?"

"Hata darajani."

"Na limeungua?"

"Limeungua."

Nilijua anahesabu zile alasiri zote alizoshusha pumzi na kupima. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi alikuwa anaongea na nani?"

Niliona ni haki Hooyo aelezwe. Nikasogea karibu, nikaanza kwa upole unaotumika kwa watoto wa kidato cha kwanza. "Hooyo, wale watu hawasikii. Mlango ulifunguka kwa sababu ni lazima ufunguke. Hata ungenyamaza..."

"Unadhani mimi ni mjinga?" alinikatiza. "Najua ni picha. Picha husikia?"

"Sasa mbona unawaambia?"

Alizungusha tasbihi kwa muda. "Kwa sababu wananingoja," alisema. "Wote wananyamaza, wananitazama usoni, wananingoja niseme. Tangu nije mji huu, nani mwingine ananingoja niseme?"

"Hooyo, sisi huwa tunakuuliza," mume wangu akasema. "Hata kuja kwako hapa. Si mimi na kaka tulikuja kukuuliza kama unataka kukaa kwetu Garissa au kwa dada kule Wajir? Ukanyamaza. Tukaona umekubali tuamue."

"Mbuzi mlikuwa mmeshawauza."

"Hooyo..."

"Niliwaona wakipandishwa kwenye lori asubuhi. Nyinyi mkaja jioni, mkakaa kwenye mkeka wangu, mkaniuliza. Garissa au Wajir. Ningesema nini?"

Nilikuwa sijui habari hiyo. Wakati huo nilikuwa bibi harusi wa miezi michache, niliambiwa tu mama mkwe anakuja na nimwandalie mahali. Nilimtazama mume wangu. Hakubisha. Alitazama mikono yake, kisha akainuka akaenda kuswali Magharibi, ingawa adhana ilikuwa bado.

Ramadhani ikaingia. Gemu iliwekwa juu ya kabati, na hakuna aliyeizungumzia. Mume wangu aliongea na kaka yake kwenye simu mara nyingi, uani, akitembea huku na huku. Kutoka dirishani nilisikia vipande: "Hapana, si kwamba amelalamika... Lakini kweli tuliuza kwanza..." Sikumwuliza. Nilihisi tu kwamba wanapanga, na mipango ya wanaume wa nyumba ile nilikuwa nimeshaanza kuiogopa.

Baada ya Idd tuliishusha mashine. Hooyo aliketi katikati yetu na kuimaliza hadithi yake kwanza, kama mgeni anayepewa kipande kizuri cha nyama. Mwishoni daktari na mdogo wake walisimama mlimani theluji ikiyeyuka, na kijana akamwambia dadake maneno ambayo nilimtafsiria Hooyo: "Wewe hukunijibu kamwe. Lakini wewe ndiye pekee uliyenisikiliza." Hooyo aliitikia kwa kichwa. Kisha tukaimaliza ya kwetu. Mlima uleule, jua lilelile. Kijana akatuambia: "Ulisema mengi. Mengine yalikuwa kweli."

"Umeona!" mume wangu akaruka. "Si sawa! Imetofautiana!"

"Ni sentensi mbili," nilisema.

"Lakini ni sentensi zetu."

Nilitaka kumwambia kwamba mtu fulani, katika ofisi fulani ya mbali, aliziandika zote mbili siku moja, akanywa kahawa yake akaenda nyumbani. Nilimwona alivyofurahi, nikameza maneno. Hadi leo sijui kama alikuwa na haki. Zipo siku nafikiri sentensi mbili ni nyingi.

Kesho yake baada ya chai, mume wangu aliketi mbele ya mama yake. Nami nilikuwepo, nimeshika kikombe, masikio wima. Alimwambia kwamba safari hii hakuna kitu kilichouzwa wala kununuliwa, hakuna gari lililoitwa. Akitaka kubaki Garissa, abaki. Akitaka Wajir, wampeleke Wajir. Akitaka kurudi malishoni, wao ndugu watachanga mbuzi na kumtafutia mtu wa kuchunga.

Hooyo alinyamaza, na mume wangu, nampa haki yake, akangoja. Aliangaliwa na mwanawe jinsi alivyokuwa akiangaliwa na wale watu wa theluji, isipokuwa hapa hapakuwa na mstari unaofupika.

"Sitaki mbuzi," Hooyo alisema mwisho. "Goti langu limechoka na mbuzi. Nataka kwenda kukaa kwa dada yangu, Modogashe mjini, pale njia panda. Ana mgahawa wa chai. Anahitaji mtu wa kukaa na chungu na kuongea na wateja."

Mume wangu alinigeukia, kisha akamgeukia mama yake. "Hilo hatukulifikiria," alisema.

"Najua."

Alifurahi mno, mume wangu. Siku zote za maandalizi alikuwa akiniambia, "Umeona? Tulimuuliza, naye akachagua." Tulimpeleka kwa pikapu ya rafiki yake wa ofisini, Hooyo mbele na mito yake, sisi nyuma na godoro, tukafika meno yamejaa mchanga. Dada yake alitupokea kwa vigelegele. Ni mwanamke mnene, mcheshi, wa maneno mengi. Mgahawa wake ni mabati na meza chache kando ya barabara, na madereva wa malori ya Isiolo husimama hapo kwa chai ya maziwa ya ngamia na kubishana habari za njia.

Alituonyesha chumba cha Hooyo nyuma ya mgahawa. Kilikuwa kimepakwa chokaa. Ndani palikuwa na kitanda kipya cha mbao, kirefu kwenda juu kuliko vya kawaida, kimetengenezwa makusudi ili mwenye goti bovu asihangaike kuinuka.

"Mashallah, kizuri," nilisema. "Fundi amekitengeneza haraka hivi?"

"Haraka wapi, abaayo!" akacheka dada yake Hooyo, akiniita dada kwa Kisomali. "Nilimwagiza tangu Rajab. Amenizungusha, leo kesho, leo kesho, hadi nikamtishia."

Rajab. Miezi miwili na zaidi kabla ya Idd. Kabla ya Ramadhani, kabla hata ya mimi kumkuta Hooyo na rimoti mapajani. Nilisimama pale nikaukandamiza ubao wa kitanda kwa kiganja, nikizipanga siku kichwani upya. Mazungumzo yale ya mbuzi yaliyomfanya mwanawe akimbilie kuswali kabla ya wakati; kule kunyamaza kwake asubuhi ya chai sisi tukingoja; "sitaki mbuzi", kama mtu aliyepata wazo wakati huohuo. Simu yake ndogo, aliyokuwa akiipeleka uani eti sebuleni mtandao hauingii vizuri.

Nje, mume wangu alikuwa akiwasimulia madereva wawili jinsi mama yake alivyojiamulia mwenyewe. Sikumwambia kitu, wala siku hiyo wala baadaye. Nilimfuata Hooyo kwenye jiko. Alikuwa ameshaketi kwenye kigoda mbele ya sufuria, kana kwamba alizaliwa hapo, akimchujia chai dereva aliyekuwa akimweleza habari za mvua za Wajir.

"Hooyo," nilimnong'oneza, "kile kitanda mliagiza lini?"

Alinimiminia kikombe, akapuliza povu pembeni, akanikabidhi.

"Kunywa," alisema. "Barabara ni ndefu, na rafiki yenu anataka pikapu yake." Kisha akamgeukia dereva, akamwomba aendelee.